Mkate wa Dirishani

Katekista wetu wa kule Litembo alikuwa mtu wa kwanza kijijini kuwa na baiskeli, na wa kwanza kuanguka nayo. Baiskeli yenyewe haikuwa na breki. Alizoea kuisimamisha kwa kuburuza kisigino, sasa siku hiyo alikuwa amevaa viatu vipya, akavionea huruma. Basi akateremka kile kilima kama jiwe, kanzu imejaa upepo, akawapita wanawake kisimani bila hata salamu, akaacha njia, akatua ndani ya ngolo ya bibi yangu. Ninyi mliokulia mjini, ngolo ni yale mashimo tunayochimba Wamatengo kwenye mteremko ili mvua isituchukulie udongo. Mazao tunapanda kwenye kingo zake. Katekista akawa amelala chini shimoni, baiskeli juu yake, gurudumu bado linazunguka. Bibi akaja na jembe lake. Tukadhani anakwenda kumtoa. Akainama, akaanza kuinua maharage yake yaliyolazwa, mche mmoja mmoja, akiushindilia udongo kwa vidole.

"Mama, nitoe," katekista akasema kutoka chini.

"Subiri, baba. Wewe huna mizizi."

Kisa hicho nimekicheka mpaka leo, na mnisamehe nikianza nacho, maana nilikaa hapa nikitaka kuwaeleza mambo ya mkate. Ninyi vijana mnaokuja kununua kwetu Mbinga mmeniuliza mara nyingi kwa nini duka letu halina dirisha la kuuzia. Maduka yote yanauza dirishani, kwenye nondo, mteja anasimama nje, anapokea, anakwenda. Kwetu lazima uingie, na kama una nafasi ukae. Siku hizi wanaooka ni wajukuu, mimi nakaa mlangoni kuota jua, na hata wao wameniomba tutoboe ukuta, biashara iende haraka. Nimekataa. Sasa nawaambia sababu.

Ukivuka maharage ya bibi, kwenye ngolo za juu, kulikuwa na ngano. Milima yetu ina baridi, ngano inakubali. Bibi aliilinda ngano ile kuliko alivyonilinda mimi. Kuku akisogea anapigwa jiwe. Tulipalilia, tukavuna, tukapepeta, na yote ikaondoka kichwani kwenda kuuzwa kwa Wazungu. Ladha yake hatukuijua. Nilimuuliza bibi inaliwaje, akasema amesikia wanaigeuza kitu chepesi kama uyoga.

Nilikuwa naishi naye kwa sababu mama alifariki sijaota meno, na baba alikwenda kusini, migodini. Alituma blanketi moja. Baada ya blanketi hakuja yeye wala habari zake. Shule niliishia darasa la pili, na sikuacha kwa ujinga, niliacha kwa kaptula. Kaptula ilikuwa moja na binamu yangu naye alisoma. Tukawa tunapokezana, leo yeye, kesho mimi, kwa hiyo kila mmoja alijua nusu ya hesabu. Mwisho binamu akanenepa, kaptula ikamchagua yeye. Barua hii naandika mwenyewe, ila mjukuu ananiwekea nukta, maana mimi nikianza sentensi huwa sioni pa kuishia.

Basi mwaka mmoja baba mdogo akanichukua nimsaidie kubeba ngano hadi Kitai, barabara ya Songea. Tulilala njiani, miguu ikavimba. Pale Kitai kulikuwa na nyumba ya wageni ya Mgiriki mmoja tuliyemwita Bwana Masharubu. Wazungu waliokuwa wakisafiri walishuka pale, wakaingia mlango wa mbele, wakakaa mezani. Wahindi walikuwa na benchi lao barazani. Sisi tulizunguka nyuma, kwenye dirisha dogo la jikoni. Hapo ndipo ulipotoa ngano yako, na hapo hapo, ukitaka, uliuziwa ncha za mkate wa jana. Hakuna aliyeandika kibao. Kila mtu alijua miguu yake inaishia wapi. Na alikuwepo mbwa, mkubwa, ana upele mgongoni. Yule aliingia mlango wa mbele, akalala chini ya meza.

Baba mdogo akaninunulia ncha moja. Nikauma. Nikasahau miguu. Lakini wanangu, nilipokuwa natafuna niliwaza kitu kimoja tu, kwamba hii ni ngano ya bibi, na bibi hajawahi kuila, na mimi naila nimesimama nyuma ya nyumba kwenye maji machafu. Mbwa yupo ndani.

Aliyenipa ile ncha alikuwa mtu mweusi kama mimi, mnene, unga hadi kwenye nyusi. Aliniona bado nimesimama.

"Unatazama nini, Mmatengo?"

"Natazama ngano yetu."

Alicheka hadi akashika ubao wa dirisha. Huyo alikuwa Mzee Mandala, Mnyasa wa huko ziwani, Liuli. Wakati huo hakuwa mzee, ila kwa mtoto kila mwenye tumbo ni mzee. Alikuwa amejifunza kazi ya mkate Salisbury, kusini, ambako alisema mtu mweusi alishuka hata kwenye njia ya waendao kwa miguu Mzungu akipita. Akanionyesha lundo la kuni kwa kidevu. Baba mdogo aliporudi Litembo alirudi peke yake. Nilimwambia amwambie bibi kwamba nimeifuata ngano.

Nilibeba kuni, nikachota maji, nikaosha mabati ya kuokea, na usiku nililala juu ya magunia karibu na tanuri, mahali penye joto kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulala. Kukanda nilijifunza kwa kuiba, namtazama Mzee huku nafagia. Mkono haugongi unga, mnadhani unagonga. Unasukuma kwa kiganja, unakunja, unageuza, mpaka donge lianze kukujibu. Ukilibonyeza likabaki na shimo, bado. Likiinuka polepole kama mtu aliyeamshwa na mamaye, tayari. Hilo hata wajukuu wangu wenye mashine nawaambia waguse kwa kidole.

Tanuri ndilo lilinitesa. Halikuwa na kipimo cha joto. Mzee alikuwa akiingiza mkono mdomoni mwa tanuri, midomo yake inacheza, kisha anautoa na kusema choma, au ngoja. Siku moja aliugua, akaniambia kutoka kitandani kwamba leo mkate ni wangu. Nikamuuliza joto nalijuaje. Akasema, "Tia mkono, usali ile sala ya nyumbani. Ukifika amina na mkono bado unavumilia, ingiza mikate."

Nikafanya hivyo hivyo. Nikatia mkono, nikasali, nikafika amina, mkono unavumilia. Nikaingiza mikate. Ilitoka myeusi kama makaa nje, na ndani uji. Bwana Masharubu alikuja na fimbo ya kufukuzia kuku, tukazunguka lile lundo la kuni mpaka yeye akachoka, kisha akaamuru mikate ile iuzwe dirishani. Watu wakainunua. Mama mmoja alikuwa akiikwangua kwa kisu, akasema kumbe ndiyo maana Wazungu wanakunywa chai nyingi.

Jioni Mzee akaniita.

"Ulisali nini wewe?"

"Salamu Maria. Kama tunavyosali na bibi."

"Kwa mwendo gani?"

"Wa rozari."

Alicheka na homa yake, mpaka nikaogopa atakufa. Kisha akasema, "Mwanangu, hili tanuri ni la Kianglikana. Nyumbani kwetu tunasali Baba Yetu, tena polepole, kama mtu anayemaanisha." Na ni kweli. Salamu Maria ya bibi ilikwenda kasi, maana alikuwa na shanga hamsini na maharage yanamngoja. Ilimalizika tanuri likiwa bado kali mno. Tangu hapo nimepima matanuri yote kwa Baba Yetu, na padri wetu anajua.

Nimesema mbwa alikuwa ndani. Niseme pia habari ya glavu. Mikate ikitoka, mhudumu alivaa glavu nyeupe ndipo aipeleke mezani, ili wageni wasione mkono mweusi kwenye mkate. Mikono myeusi hiyo hiyo, yetu sisi wa jikoni, ilikuwa ndani ya donge hadi viwikoni tangu alfajiri. Mzee aliwahi kuninong'oneza, "Wanaogopa rangi itawashika kwa nje, wakati tumeshawakandia kwa ndani." Alikuwa na maneno ya kuchekesha, lakini nilimwona siku moja amesimama nyuma ya mlango wa chumba cha kulia, anachungulia kwenye ufa jinsi wanavyokata mkate wake. Hakujua nimemwona. Baadaye, tunakanda, akasema bila kuniangalia, "Siku inakuja tutaula huu mkate tumekaa. Nikifa kabla, wewe ukae viti viwili."

Nilikataa kurudi nyumbani kwa sababu ya maneno hayo. Watu waliniambia niende kulima kahawa kama wenzangu, nioe, nitulie. Nikasema sitoki jikoni mpaka nimekaa.

Uhuru ukaja, Bwana Masharubu akaondoka, nyumba ikabaki na popo. Mzee akanichukua tukashuka naye ziwani, karibu na Mbamba Bay, ambako serikali ilikuwa inafungua nyumba ya wageni. Tukaandikwa wote wawili. Tanuri halikuwepo, na Mzee akaenda msibani Liuli, basi mimi kwa kiherehere nikaamua nimjengee akirudi alikute. Mimi wa milimani nikaona mawe ya ufukweni, laini, mazuri kama mayai, nikayapanga sakafu yote ya tanuri. Wavuvi walipita, wakanitazama, wakaketi kwa mbali. Nilishangaa kwa nini wanaketi. Nilipowasha moto na tanuri likapata joto, yale mawe yakaanza kulipuka. Pa! Pa! Zilikuwa enzi za vita vya ng'ambo ya mpaka, watu wakadhani Mreno kafika, wengine wakaingia migombani na watoto. Mvuvi mmoja akaniambia, "Mmatengo, mawe haya yamekunywa maji tangu Mungu ayaumbe. Ulitaka yafanye nini?" Jina la Mreno nililibeba pale kijijini hadi nikawa na mvi. Jengeni tanuri kwa udongo wa kichuguu, wanangu. Mchwa ameshakuchekechea.

Na jambo jingine, ziwani hakuna baridi. Donge ambalo Litembo ungeliacha jioni ulikute asubuhi limeumuka vizuri, kule chini utalikuta limetoka kwenye beseni linatafuta mlango.

Lakini nilikuwa nataka kueleza siku ya mkate wa kwanza, Mzee amesharudi na tanuri jingine la udongo limesimama. Mzee akaitoa mikate, akaacha ipoe kidogo, akachukua mmoja kwa mikono yake mitupu, akapita nao katikati ya chumba cha kulia. Kulikuwa na bwana shamba, mwalimu, na wavuvi wawili, wote wanakula. Akachagua kiti cha ukutani kinachotazama ziwa, akaketi. Akanionyesha cha pili. Nikaketi. Akaumega, akanipa, akatafuna kwa muda mrefu akitazama maji. Mimi nilikuwa nangoja neno kubwa.

"Chumvi imepungua," akasema.

Kiti kile kikawa chake. Hata alipostaafu na mimi nikaachiwa jiko, kila Jumamosi alikuja na fimbo yake, akaketi pale, akala mkate na usipa wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani, akanipa hukumu ya chumvi. Macho yalipomwishia alikitafuta kwa kuhesabu na kugusa migongo ya viti. Ikafika miaka ya shida, unga hakuna, hamira hakuna, nikawa nachanganya unga wa muhogo na kuumulia kwa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Mkate ukawa unanukia kama kilabuni. Kina mama wa kanisa walioapa kutogusa pombe walikula vipande vyao huku wameangalia pembeni. Mzee alisema mkate huu ukiula kwa njaa utaimba. Lakini tuliula tumekaa, sote, mkuu na mvuvi.

Kisha mambo yakalegezwa. Kila kitu ruksa. Unga ukaja wa magunia meupe yenye maandishi nisiyoyajua, hamira ya makopo, siagi, mitumba, redio. Nilifurahi, sitawadanganya. Niliposhika unga ule mweupe baada ya muhogo wa miaka yote ile, nilikaa chini. Watu wanaosema wakati ule ulileta mabaya tu hawakukanda muhogo.

Na nyumba yetu ya wageni ikauzwa. Tajiri aliyeinunua sikumwona, alikaa mbali. Alimleta meneja, kijana wetu wa Kiafrika, mpole, ameshika dini, ananiamkia shikamoo kila asubuhi. Alipaka rangi, akaleta vitanda vipya, na watalii wakaanza kuja na mabegi yao mgongoni, Wazungu wengi wao, watu wasio na ubaya, wakinisifia mkate kwa kuinua vidole gumba. Mimi nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu. Nilikuwa na wajukuu wanaosoma, na kiinua mgongo changu kilikuwa mikononi mwa huyo kijana.

Siku moja akaja fundi seremala na msumeno, akaanza kukata ukuta wa jiko langu, upande wa nyuma. Nikamuuliza meneja. Akanishika bega kwa heshima kabisa.

"Mzee wangu, si mimi, ni biashara. Wageni wanasema wavuvi wana harufu. Hakuna atakayefukuzwa, wenyeji wote watahudumiwa. Ila dirishani."

Niliosha mikono ambayo ilikuwa safi. Nilijiambia, labda ni kwa ajili ya wavuvi tu. Labda wanaokuja na nyavu. Mtu mwenye wajukuu huwa na labda nyingi.

Jumamosi Mzee akafika. Nilisikia fimbo yake, kisha mikono ikigusa migongo ya viti, kimoja kimoja, hadi chake. Meza ya jirani walikuwepo wageni wanaandika kadi. Meneja akaingia jikoni, akasimama karibu yangu, sauti chini.

"Yule babu mhamishie nyuma, taratibu tu. Mwambie wewe, mimi ataniona sina adabu."

Mkono wangu ulikuwa mdomoni mwa tanuri. Nikamaliza sala yangu hadi amina, nikaingiza mikate ya pili. Ya kwanza ilikuwa imepoa. Nikachukua mmoja kwa mikono mitupu, nikapita katikati ya chumba, nikaketi mbele ya Mzee. Nikamega nikampa. Alitafuna, uso umeelekea ziwani.

"Juzi nimesikia msumeno hadi nyumbani," akasema. "Wanatengeneza nini?"

"Dirisha."

"La jikoni?"

"La jikoni, Baba."

Alikuwa amenyoosha mkono kuchukua kipande cha pili. Akakirudisha sahanini. Akapangusa makombo kwenye shati lake, akayakusanya kiganjani, akayala yote, maana hajawahi kutupa makombo. Kisha akasema, "Leo chumvi iko sawa," akashika fimbo, akainuka. Hakugusa migongo ya viti. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele kama mtu anayeona.

Nikavua aproni. Niliikunja vizuri, nikaiweka juu ya kiti chake. Nilikuwa nimefika kizingitini meneja aliponikimbilia, ameshika glavu za kutolea mabati, uso umempauka, kijana wa watu.

"Mzee, Mzee, na mikate iliyomo ndani? Nitajuaje imeiva? Na utakapoondoka wewe tanuri nitalipimaje?"

"Iliyomo ndani, igonge tumbo. Ikilia kama ngoma, itoe," nikamwambia. "Na tanuri, tia mkono, usali Baba Yetu. Polepole."

Mzee alikuwa ameshafika barabarani, anangoja, fimbo kwapani, mkono ameunyoosha pembeni kutafuta bega langu. Nikatoka kwa mlango wa mbele. Sikurudi.